Leseni ya kuongoza watalii unayo. Nani atakupigia simu? (Miaka 14 ya kutembea na wageni)

#1 KofiaPana (mwanzisha uzi)

Wakuu, ujumbe wa aina hii naupata karibu kila wiki: "Kaka, nataka kuwa mwongoza watalii, leseni naipataje?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia uzi huu na tusilaumiane.

Kwanza hilo jina. Wapo wanaotuita "magaidi" kwa kulitohoa neno la Kizungu "guide", na kwa Kiswahili hilo ni neno la kukutafutia matatizo uwanja wa ndege. Niliwahi kujitambulisha hivyo kwa mzee mmoja, akavuta mkoba wake karibu. Tutumie mwongoza watalii, au mwongozaji tu.

Kazi yenyewe ni ipi? Kuna maana moja ambayo nchi za Ulaya ziliiandika kwenye kiwango chao cha mwaka 2003, na Shirikisho la Dunia la Vyama vya Waongoza Watalii, lililoanzishwa 1985, nalo linaitumia: mwongozaji ni mtu anayewaongoza wageni kwa lugha waliyoichagua wao, akiwafasiria urithi wa utamaduni na mazingira wa eneo fulani, na kwa kawaida ana sifa za eneo hilo zinazotambuliwa na mamlaka husika. Yaangalie vizuri yale maneno "eneo fulani". Yule anayesafiri na kundi tangu uwanja wa ndege mpaka siku ya kurudi, anayehesabu mabegi na kugombana na hoteli, ni msimamizi wa msafara, kazi nyingine kabisa. Leseni yako ya mwongozaji ina mipaka. Ukiivuka, wewe ni mtalii kama wenzako. Waongozaji wa milimani wana shirikisho lao tangu 1965, na beji yake inatambulika katika nchi wanachama wote, kwa kuwa barafu na mwamba vina tabia zile zile popote. Historia ya mtaa haibebeki hivyo.

Na leseni zilianza kwa nini? Mfano ninaoupenda ni Gettysburg, kule Pennsylvania, palipopiganwa moja ya mapambano makubwa ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mwaka 1863. Vita vilipoisha watu wakaanza kuja kutazama, na kila mwenye usafiri akajifanya mtaalamu. Hadithi za kutunga zikazidi, malalamiko nayo yakazidi, hadi mwaka 1915 Idara ya Vita, iliyokuwa inausimamia uwanja huo wakati huo, ikaanza kutoa leseni. Hadi leo mtahiniwa anafanya kwanza mtihani wa maandishi, akipita anawatembeza watahini uwanjani kwa saa 2 kana kwamba ndio wageni wake. Akifaulu, kazi yake mara nyingi ni kushika usukani wa gari la mgeni mwenyewe, anaendesha huku anasimulia. Nikiwaza kuendesha gari la mtu nisiyemjua huku naeleza nani alikufa wapi, naona yangu ni kazi rahisi.

Mimi mtihani wa maandishi niliupita kwa raha. Wa vitendo nikaanguka, tena vibaya. Nilikuwa nimekariri kurasa 60. Saa kumi jioni nikawasimamisha watahini wakilitazama jua usoni, mgongoni kwangu magari yanapita, nikaongea dakika 9 bila kupumua. Mtahini mmoja mama wa makamo akasogea kivulini, mimi naendelea. Tulipomaliza wakaniuliza swali moja tu: "Wageni wako wako wangapi?" Nikajibu kwa kujiamini, wanne. Walikuwa watatu. Wa nne alibaki kituo cha pili makusudi, amekaa kwenye benchi anasubiri aone kama nitamkosa.

Nilirudia baada ya miezi 6. Safari hii nilikuwa na kurasa 20 kichwani na macho mawili usoni.

Nitaendelea na sehemu ya pili, maana leseni ndiyo sehemu fupi ya habari hii.

#2 Sauti_ya_Nyuma

Mkuu nimecheka hapo kwenye benchi mpaka mwenzangu wa ofisini kauliza kulikoni. Swali: nina miaka 34, niko kwenye ajira, sijasoma historia wala utalii. Mafunzo yanachukua muda gani? Na nianzie wapi?

#3 KofiaPana

Ndugu yangu, inategemea unataka kuongoza wapi, kwa sababu anayetoa leseni anaweza kuwa wizara, manispaa, hifadhi, au makumbusho yenyewe. Kwa hiyo la kwanza nenda kaulize nani hasa ana mamlaka juu ya hilo eneo unalolitaka. Usiulize mtandaoni, nenda ofisini kwao, na omba orodha ya masharti kwa maandishi. Wapo watu waliolipa ada ya chuo kisha wakaambiwa cheti hicho hakitambuliki.

Urefu? Ulaya wana kiwango cha mafunzo cha mwaka 2008 kinachotaka vipindi visivyopungua 600, na asilimia 40 yake iwe vitendo. London, wanaosomea Blue Badge, yaani beji ya waongozaji waliofuzu, huwachukua karibu miaka 2, wengi wakisoma jioni na wikendi huku wameajiriwa, kama hali yako. New York mtihani wao umekuwa wa maswali 150 na kufaulu ni kupata 97, hapo hakuna darasa la lazima. Na kuna sehemu ni fomu na ada tu. Hizo za fomu na ada ndizo ngumu kuliko zote, nitaeleza kwa nini.

Kutosoma historia si kikwazo. Katika darasa letu aliyeongoza alikuwa nesi. Alizoea kumwangalia mtu na kujua anaumwa kabla hajasema.

#4 Mbishi_Mstaarabu

Samahani kwa kuwaharibia shughuli. Leseni nyingi ni mlango ambao waliotangulia wameufunga kwa ndani. Washington D.C. ilikuwa na sheria inayoweza hata kukufunga jela ukiongoza watu kwa malipo bila leseni. Wenye kampuni ndogo ya kutembeza wageni kwa vile vyombo vya umeme vya magurudumu mawili (Segway) wakaenda mahakamani, na mwaka 2014 mahakama ya rufaa ikaifuta. Hoja yake ilikuwa kwamba wakuu wa jiji hawakuleta ushahidi kuwa mtihani wa historia unamkinga mgeni na chochote, na kusimulia ni uhuru wa mtu.

Japani nako leseni ilikuwepo tangu 1949. Kuanzia Januari 2018 yeyote anaongoza kwa malipo, kinacholindwa ni cheo tu. Wageni hawakuacha kwenda. Sasa kijana apoteze miaka 2 ya nini?

#5 KofiaPana

Mkuu, umesema nusu ya kesi. Mwaka huo huo wa 2014 mahakama nyingine ya rufaa kule kule Marekani iliiacha leseni ya New Orleans isimame, ambako pamoja na historia wanachunguza rekodi yako ya uhalifu na kukupima dawa za kulevya. Mahakama mbili, mwaka mmoja, majibu mawili.

Mimi nakubaliana nawe kiasi. Kuna vijana wasio na leseni wananizidi kwa mbali, na kuna wenye leseni ninaowakwepa wasije wakanisalimia mbele ya wageni wangu. Lakini mtu anaponikabidhi mama yake wa miaka 78, tarehe za wafalme anaweza kuzisoma mwenyewe kwenye simu. Rekodi yangu ya polisi na cheti changu cha huduma ya kwanza hana pa kuvisoma. Kwa hiyo ningekuwa naandika mtihani mimi, ningepunguza wafalme nikaongeza bandeji.

Hata pale ambapo sheria haidai kitu, watu wanadai. Uingereza kwa ujumla hailazimishi leseni, lakini Blue Badge ina thamani kwa sababu wenye kampuni na wenye majengo makubwa wamekubaliana kuiamini.

#6 NgaziMiaMoja

Niongezee kidogo wanangu, nimeanza kazi hii kabla wengi wenu hamjazaliwa. Mwaka 1991 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliziambia Ufaransa, Italia na Ugiriki haziwezi kumdai leseni mwongozaji aliyekuja na kundi lake kutoka nchi nyingine mwanachama. Ila ikaacha pembeni makumbusho na majengo ya kihistoria yanayotaka mtaalamu wake. Matokeo yake ndiyo yale niliyoyazoea: mwenzako anaongea kwenye basi, anaongea uwanjani, mkifika mlangoni ananyamaza, anakukabidhi watu, anabaki nje ameshika makoti yao. Mara ya kwanza nilimwonea huruma. Baadaye nikawa mimi ndiye niliyeshika makoti.

Na leseni haimalizi sheria. Venice mwaka 2024 wameweka kikomo cha watu 25 kwa kundi na kupiga marufuku vipaza sauti. Ukienda na 40 na spika yako, leseni yako haikusaidii kitu. Kanuni za mahali zisome kila mwanzo wa msimu, hubadilika.

#7 KofiaPana

Shikamoo mzee. Nashukuru umepita.

Sehemu ya pili. Siku niliyopewa leseni niliipiga picha, nikaiweka mtandaoni, nikapongezwa sana, nikakaa kusubiri simu. Miezi miwili na nusu hakuna aliyepiga. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini leseni ya fomu na ada ni ngumu: unaingia sokoni na watu 400 wenye kadi kama yako, na hakuna hata mmoja aliyekuona ukifanya kazi. Angalau mafunzo marefu yanakupa wanafunzi wenzako, na hao ndio watakaokurushia kazi wakibanwa.

Kila kampuni ya safari ina mtu mmoja, mara nyingi hana cheo cha kutisha, ambaye kila jioni anapanga nani achukue kundi gani kesho. Huyo mpanga zamu ndiye mwajiri wako. Mkurugenzi mtaonana kwenye sherehe ya mwisho wa mwaka. Niliwatafuta wapanga zamu 9, nikawaandikia ujumbe mfupi: lugha zangu, maeneo yangu, siku nilizo huru wiki hiyo, na kwamba simu yangu inapokelewa mpaka saa nne usiku. Sikuandika kwamba naipenda sana historia. Kila mtu anaandika hivyo.

Wawili wakajibu. Mmoja akaniruhusu kuwa mkia, yaani natembea nyuma kabisa ya kundi la mwongozaji mkongwe, bila malipo, nahakikisha hakuna anayepotea. Nilikuwa mkia mara 11, na kwangu hicho ndicho chuo. Ukiwa mbele unaona nyuso zinazotabasamu. Ukiwa nyuma unaona nani anachechemea, nani hasikii lakini anatikisa kichwa kwa adabu, na ni dakika ya ngapi mkono wa kwanza unaingia mfukoni kutafuta simu. Kwa kuhesabu kwangu, mkisimama nje ni dakika ya nne. Tangu hapo kituo changu cha nje hakizidi dakika 4, wakiwa wamekaa nafika 7 au 8. Na njia ninayoitembea peke yangu kwa dakika 40 naiandikia saa 2 nikiwa na watu 25.

Simu ikaja Jumapili, saa tatu usiku. Mwongozaji kaugua, kundi la wastaafu 31, kesho asubuhi. Ratiba nikatumiwa, nimeipitia kitandani, mambo yote nayajua, nikalala kama mtoto. Kituo cha tatu kilikuwa makumbusho. Wazoefu mmeshacheka. Jumatatu! Makumbusho mengi duniani hufungwa Jumatatu, na hayo yalikuwa mojawapo. Tumefika, geti lina mnyororo, watu 31 wamenigeukia. Aliyeandika ratiba alikuwa ofisini, na mimi niliyekuwa na leseni ya eneo sikujua mlango wa eneo langu hufunguliwa siku gani.

Nikawazungusha nje ya jengo. Nikawaonyesha mawe ya ukuta wa zamani na wa kiraka, nikawauliza waniambie upi ni upi, ikaenda dakika 20. Huku nyuma nikapiga simu, nikabadilisha mpangilio na kituo cha mchana. Wageni wengi hawakujua kilichotokea. Wawili walijua.

Usiku ule kabla sijala nikamwandikia mpanga zamu: geti lilifungwa, nimefanya hiki na hiki, wageni wawili huenda wakalalamika, na ratiba ya Jumatatu irekebishwe. Nikajua ndiyo kwaheri. Alhamisi akanipigia, na akaendelea kunipigia miaka 6, hadi alipohama kampuni, akahama na namba yangu. Siku moja nikamuuliza kwa nini. Akasema waongozaji wanaosimulia vizuri anao wengi, lakini habari mbaya karibu zote huzisikia kwa wageni kwanza, na ya kwangu ilimfika kabla ya barua yao.

#8 DadaWaKipaza

Kaka KofiaPana umeruka jambo ambalo lilitaka kunitoa kazini: sauti. Msimu wangu wa tatu nilikuwa napiga makundi mawili kwa siku, siku 6 kwa wiki, naongea huku natembea, napigana na magari na maji ya chemchemi. Sauti ikawa ya kukwaruza, nikadhani mafua. Daktari akaniambia nina vinundu kwenye nyuzi za sauti, ninyamaze wiki 2. Nikauliza kama kunong'ona inaruhusiwa. Kumbe kunong'ona kwa nguvu nako kunazichosha nyuzi. Wiki 2 kimya, katikati ya msimu, bila malipo.

Sasa sisemi neno nikiwa natembea. Nafika, nageuka, nasubiri wa mwisho afike, ndipo naongea. Natafuta ukuta niwe nao mgongoni, unarudisha sauti mbele badala ya kupotea nyuma. Kundi likizidi 15 nataka vile vifaa vya kusikilizia, kila mgeni na kidude chake sikioni, na gharama naiweka kwenye bei. Waliosema nadeka wameanza kuazima vyangu.

La pili ni kwa kina dada. Ziara ya mtu mmoja jioni utapewa, na wengine watadhani imekuja na wewe. Tunakutana mapokezi, hatukutani chumbani wala hatuagani chumbani. Ofisi inajua niko wapi. Na kwenye mkataba wangu kuna mstari unaoniruhusu kuvunja ziara nikisumbuliwa, na nalipwa yote. Kampuni moja ilikataa mstari huo, tukaagana. Mgeni amelipia maarifa yangu na miguu yangu. Jioni yangu haimo kwenye risiti.

#9 Sauti_ya_Nyuma

Dada huo mstari wa mwisho nautunza. Sasa wakuu, pesa. Mtu anaishi kweli kwa kazi hii?

#10 KofiaPana

Anaishi, lakini ahesabu kama fundi. Kosa la wengi ni kugawanya malipo ya siku kwa saa walizoongea. Weka na saa ya kwenda, saa ya kusubiri kundi lililochelewa, jioni ya kusoma, na ile asubuhi uliyokwenda kukagua njia. Mwaka wangu wa pili niliandika kila saa kwenye daftari, na nilipojumlisha mwezi nikakuta ile ziara niliyokuwa naiita nono ndiyo iliyonilipa kidogo kuliko zote.

Majukwaa ya mtandaoni yanayouza ziara yatakuletea wageni ambao usingewapata, na mengi yatachukua asilimia 20 hadi 30 ya kila tiketi. Sina ugomvi nayo, mradi bei yako uiweke ukijua hilo. Ziara za "bure" zinazoishi kwa tipu ni shule nzuri ya kushika umati, ila uliza kabla: baadhi ya waandaaji humtoza mwongozaji kwa kila kichwa alichokuja nacho, mgeni alipe asilipe. Ukipata watu 30 mvua ikanyesha wakatawanyika, unarudi nyumbani na deni.

Maduka. Nayo nitasema wazi ingawa nitachukiwa. Mwenye duka atakupa komisheni ukimletea kundi, na kuna miaka wenzangu walipata huko kuliko kwenye ujira. Mimi nilichukua msimu mmoja. Shida yake mgeni huijua, hata asiposema. Ukishasimama dukani dakika 40 kwenye ziara ya saa 3, kila ulichosema kabla yake anakiweka kwenye mizani upya. Nikaacha. Kama wewe utaendelea, angalau waambie.

Mengine kwa ufupi. Sharti la kughairi liandikwe, mimi chini ya saa 48 nalipwa nusu, chini ya 24 nalipwa yote. Bima ya dhima uwe nayo, maana mtu akiteleza ngazini wewe ndiye uliyemwambia "tupite huku". Kodi lipa. Na lugha: Kiingereza kitakupa kazi, lakini lugha ya pili ambayo waongozaji wa eneo lako ni wachache ndiyo itakayokupa sauti ya kupanga bei. Usichague lugha kwa mapenzi tu, hesabu kwanza wageni wanatoka wapi na wenzako wangapi wanaiongea.

#11 NgaziMiaMoja

Kijana kagusa komisheni, mimi niguse chama. Chamonix, chini ya Mont Blanc, mwaka 1820 waongozaji watatu walikufa kwenye maporomoko ya theluji. Mwaka uliofuata, 1821, waliobaki wakaunda kampuni yao ya waongozaji, ambayo ipo mpaka leo. Wakaweka zamu, kazi inamfuata aliye juu kwenye orodha, na wakaweka mfuko wa kusaidia familia za wanaokufa au kuumia. Zamu na mfuko. Miaka zaidi ya 200 sasa, na bado sijaona chama cha waongozaji kilichodumu bila kimojawapo.

Mwaka 2020 nilikumbuka hilo. Watalii wa kimataifa dunia nzima walipungua kwa zaidi ya asilimia 70. Simu yangu ilinyamaza mwezi Machi. Chama chetu kilikuwa na mfuko mdogo wa maziko tu, hakikuwa na mfuko wa njaa. Wenzangu wenye mguu wa pili, aliyekuwa anafasiri nyaraka, aliyekuwa anafundisha lugha, walikaa. Niliowaona hodari kuliko sisi sote wakaenda kwenye kazi nyingine, na wengi hawakurudi. Tangu hapo kila mwezi wa msimu nazika malipo ya siku 4. Sizigusi.

#12 Mbishi_Mstaarabu

Mzee nakuheshimu, ila mnazungumza kama hakuna simu. Programu inasimulia kwa lugha 30, haiugui, haidai tipu, na sasa inajibu maswali. Baada ya miaka 10 mtakuwa mnaongoza nani?

#13 KofiaPana

Mashine ya kusimulia si mgeni kwetu mkuu. Makumbusho ya Stedelijk, Amsterdam, yalianza kuwapa watu masimulizi ya sikioni kwa redio mwaka 1952. Ilikuja ikamwondoa yule aliyekuwa anasoma kibao kwa sauti kubwa, na haki yake aondoke. Na simu nayo itaondoa wengine, nisikudanganye. Wa ziara ya saa moja ya kupita tu na kutaja majina, nadhani ajiandae.

Mimi nimeshabadilisha kitu kimoja. Zamani mgeni akiuliza nisichokijua nilikuwa nazunguka. Sasa nasema sijui, anayejua au mwenye simu aniangalizie, halafu tunakipima pamoja mbele ya jengo lenyewe. Mara moja simu ilisema mlango wa mbele ni wa zamani kuliko mnara. Nikawaambia waweke kidole pale matofali yanapokutana. Mlango umejengwa kwa kuuegemea mnara, kila mtu aliuona. Yule kijana aliyeshika simu ndiye aliyenipa tipu kubwa siku ile.

#14 DadaWaKipaza

Na simu haimtoi mtu kwenye jua. Mbishi, njoo uwe mkia kwangu siku moja, kisha urudi hapa utupinge vizuri.

#15 Mbishi_Mstaarabu

Nikija nitalipwa?

#16 DadaWaKipaza

Hulipwi. Utapewa maji.

#17 Sauti_ya_Nyuma

Wakuu narudi baada ya mwaka na miezi minne. Wa maandishi nilipita mara ya kwanza. Wa vitendo nilipita juzi! Mtahini mmoja alijificha nyuma ya nguzo, nikarudi kumchukua, akanikonyeza. Nimekuwa mkia mara 6 kwa Dada hapo juu (Mbishi naye alikuja mara 2, haongei tena sana). Jumamosi nina kundi langu la kwanza, watu 22, saa tatu asubuhi hadi saa sita. Usingizi sina. Nifanye nini kati ya leo na Jumamosi?

#18 KofiaPana

Hongera sana ndugu yangu. Usisome tena. Unachokijua kinatosha watu 22.

Kesho saa tatu asubuhi kamili itembee njia yote, kwa mwendo wa mtu wa miaka 75. Kila kituo simama pale watakaposimama wao, sio utakaposimama wewe, uone jua liko wapi na kelele inatoka wapi. Shika geti kwa mkono wako, soma saa zilizobandikwa, muulize mlinzi kama Jumamosi kuna shughuli. Vyoo viwili, cha katikati ya njia na cha karibu na mwisho, ingia ndani uvione. Kwenye kuhesabu usijihesabu wewe wala dereva. Na mpanga zamu mtumie ujumbe Ijumaa jioni kwamba umekagua.

#19 Sauti_ya_Nyuma

Nimetoka sasa hivi. Geti sawa, jua kituo cha nne ni baya, nitawageuza waegemee ukuta. Choo cha mwisho kimefungwa, mafundi wanasema wiki 3.

#20 KofiaPana

Kilicho karibu zaidi na hapo ni hatua ngapi?